Dereva Aliyefungua Injini Mara Mbili

Dereva hakupokea shikamoo akiwa juu ya trekta. Ungemwamkia kwa heshima zote, umepiga na magoti kama tulivyolelewa, yeye akakutazama tu, akaenda hadi mwisho wa shamba, akageuza, akarudi uliposimama, akazima injini, ndipo akasema, "Marahaba, Mama Koku. Haya, sema." Wageni walidhani ana kiburi. Sisi wenyeji tulijua kwamba kiburi anacho, ila si hicho. Mwenyewe alisema mtu anayeitikia salamu huku injini inanguruma anadanganya mara mbili: kwanza hakusikia, pili hajali.

Nimekaa naye kijiji kimoja hapa Kibingo zaidi ya miaka ishirini, na jina lake la ubatizo nimelisikia kanisani tu, pale mwinjilisti anaposoma orodha ya waliochangia mabati. Kwingine kote alikuwa Dereva. Hata mkewe alimwita Dereva, kwa sauti ya utani ambayo ingekufanya udhani anamwita mkuu wa mkoa. Trekta lenyewe halikuwa lake. Ni la kikundi chetu cha wakulima, ambacho mimi ni katibu wake mpaka leo. Lilitufikia likiwa kuukuu, wekundu wake umepauka, kiti hakina sponji, na yeye akaweka gunia la maharage lililokunjwa pale pa kukalia na kusema kiti kizuri humfanya dereva asinzie.

Mambo yake hayakupatana. Mtu huyu aliyeweza kurudisha nyuma tela lililojaa kahawa katika njia ya mbuzi hakujua kuendesha baiskeli. Bodaboda aliziogopa waziwazi, wala hakuona haya. Akitakiwa mjini Kayanga alitoka alfajiri kwa miguu mpaka barabara kuu akasubiri gari, na vijana wa boda wakimtania, "Tata, panda nikufikishe," aliwajibu kwamba yeye hapandi kitu ambacho kikisimama kinaanguka. Mkungu wa ndizi angekupa bila kuuliza una shida gani. Spana hakumwazima mtu, hata mchungaji. "Spana ikiazimwa inarudi na tabia mbaya," alisema, akaifunga kwenye kitambaa chake.

Neno lake kubwa lilikuwa "Nani kasema?" Ukimwambia mvua zitachelewa, nani kasema? Ukimwambia kahawa mwaka huu haina bei, nani kasema? Siku moja alikuja ofisa na barua yenye mhuri. Wageni wakubwa walikuwa njiani, na shamba la mfano lilitakiwa kulimwa kufuata mteremko, juu kwenda chini, ili mistari ionekane vizuri kutoka barabarani. Dereva aliisoma barua yote taratibu, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe. "Maji hayasomi barua, mkubwa," alisema. Akalima kwa kukata mteremko kama kawaida yake, ofisa anafoka kando na viatu vyake vimejaa vumbi. Mvua ziliponyesha, shamba lile lilibaki mahali pake. Ofisa hakuja kulitazama, na Dereva hakumtafuta amwambie.

Nisimpambe sana. Alikuwa mgumu kuishi naye. Alinifokea mbele ya watu kwa sababu sikuandika namba kwenye magunia ya mbegu ya kikundi, eti kitu kisicho na alama ni kitu kilichopotea. Na yeye mwenyewe hakuwa akiweka alama popote. Mafundi wa mjini wakifungua injini hupiga alama kwa patasi kwenye kila chuma, ili wajue kilitoka wapi. Dereva aliziita alama hizo makovu. Yeye alitandika majani ya mgomba, akapanga vyuma juu yake kwa safu, kila kimoja kikikaa upande kilikotoka, mpaka ukasema injini imelala chali sakafuni. Jani la mgomba halina mchanga, na oili haipiti. Likinyauka alilibadilisha, chuma kinainuliwa kwa mkono mmoja na kurudishwa palepale. Nilimuuliza, basi namba zako wewe ziko wapi? Akajigonga kipaji cha uso kwa kidole. Nilikasirika siku nzima.

Sasa niseme habari ya injini.

Mwaka ule trekta lilianza kula oili na kugonga ndani. Mwenyekiti wa kikundi akataka aitwe fundi. Dereva akasema ataifungua mwenyewe.

"Wewe ni dereva," mwenyekiti alimwambia. "Fundi ni mtu mwingine."

"Nani kasema? Hii injini nimeisikiliza miaka yote. Huyo fundi wako ataisikiliza asubuhi moja."

Wanachama wakamkubalia, nusu kwa imani na nusu kwa kuchoka kubishana naye. Lakini wakamwekea mpaka: liwake kabla ya kulima kwa mvua za vuli, la sivyo linauzwa kwa watu wa chuma chakavu, ambao lori lao lilikuwa likipita kila wiki likikusanya mabati na masufuria. Kwa wenye migomba nyumbani halikuwa jambo kubwa. Kwetu wanawake wenye mashamba kule mbugani, upande wa Songambele, lilikuwa jambo la chakula. Ardhi ile ni nzito, ya nyasi za miaka. Bila trekta ungelima kipande cha kuaibisha, kisha ukakaa kutazama sehemu iliyobaki ikiota magugu.

Kibanda cha trekta kilikuwa kinavuja, hivyo Dereva akavihamishia vyuma sebuleni kwake. Majirani walimhurumia mkewe. Yeye alicheka. "Mwacheni alete. Kitu kinachonuka oili kimelala kitandani kwangu tangu niolewe, cha sebuleni kitanishinda nini?" Mama yule alikuwa mtu pekee ambaye Dereva hakumuuliza nani kasema. Akimwambia vua viatu, anavua. Akimwambia inatosha, kanywe uji, anaacha spana hewani na kwenda kunywa uji.

Mama yule akaugua. Hakuugua sana. Wiki moja tu, kisha akafa, na vyuma vikiwa bado sebuleni vimepangwa juu ya majani.

Kwetu mtu akifa majembe yanalala. Hakuna anayekwenda shambani mpaka marehemu azikwe, na nyumba ya msiba hutandikwa nyasi sakafuni, waombolezaji wapate pa kukaa na kulala. Tukafika sisi wanawake wa jirani na mizigo ya nyasi vichwani, tukakuta sebule imejaa injini. Dereva alikuwa nje, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, haoni mtu. Ningemuuliza nini? Nikachukua ungo na nikaviinua vile vyuma mimi mwenyewe, safu kwa safu, nikavipeleka chumba cha ndani. Kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikaviosha na mafuta ya taa mpaka vikang'aa. Matanga yalipokwisha tukatoa nyasi, nikatandika majani mabichi ya mgomba, nikavirudisha vyote sakafuni kama vilivyokuwa. Nilijua vilivyokuwa. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Viwili vilifanana kama pacha, nikaviweka pale palipokuwa na nafasi mbili.

Dereva aliingia, akasimama mlangoni muda mrefu.

"Nani kapanga?"

"Sisi wanawake," nilisema.

"Asanteni," alisema. Neno hilo sikuwahi kumsikia nalo.

Kesho yake watu walisikia spana inagonga. Ilikuwa mapema mno, na wazee walisema maneno. Shemeji yake alimfuata na kumwambia anamdharau marehemu. Dereva hakuinua kichwa. "Dada yako hakufa ili trekta lioze," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka wazi, yakidondokea mikono yenye grisi, naye anaendelea kukaza.

Injini ina chuma kirefu chenye viwiko kinachoitwa krenki, ndicho kinachozunguka na kubeba nguvu yote. Krenki ile hulala ndani ya injini na kushikiliwa kwa chini na vifuniko vinne vya chuma. Dereva alipovikaza, krenki ikazunguka kwa shida. Alisema ni kwa sababu bitana, vile vibati laini vya ndani ya vifuniko, ni mpya, zitalainika. Siku nyingine yoyote angesimama hapo. Siku zile hakuweza kusimama, kwa maana akisimama aliisikia nyumba ilivyo kimya. Akaendelea mpaka injini ikafungwa yote na kurudishwa kwenye trekta.

Tukakusanyika kulitazama likiwaka. Alipozungusha ufunguo, likatoa mguno mmoja, basi. Akajaribu tena, hata mguno hakuna. Mwenyekiti alikuwa amemleta fundi wa mjini kama shahidi. Fundi akasema dawa ni rahisi, lifungwe kamba nyuma ya lori, livutwe kwenye gia, litalainika lenyewe. Watu wakafunga kamba. Dereva akashuka, akaenda kusimama katikati, kati ya lori na trekta.

"Vuteni," alisema. "Mtatuvuta wote wawili."

"Mzee, litalainika," fundi alimwambia.

"Krenki itakatika. Kitu kikikataa kuzunguka, mtu mwenye akili anakiuliza kwa nini. Hakipigi."

Kamba ikafunguliwa, maana hakuna aliyekuwa tayari kumkanyaga mfiwa. Lakini mwenyekiti akaitisha mkutano palepale kwenye majani. Alisema tulimpa dereva kazi ya fundi, na haya ndiyo matokeo. Lori la chuma chakavu linakuja Alhamisi. Watu walicheka, wengine walikasirika, na wenzangu wa mbugani waliwaza majembe yao. Mimi nilikuwa na daftari magotini. Na hapo ndipo nilipokumbuka ungo, na vile viwili vinavyofanana.

Nilijua. Sikuwa na uhakika wa kifundi, lakini moyoni nilijua. Ningesema nini? Kwamba mwanamke ndiye aliyeharibu trekta? Ningesikia hilo mpaka kaburini. Mwenyekiti akasema, "Katibu, andika: injini imekwama kwa kosa la dereva." Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri, na sikuinua kichwa.

"Andika vizuri," Dereva alisema. "Ni kweli, kosa ni langu. Naomba hadi hiyo Alhamisi. Lori likinikuta bado, nipakieni na mimi, mtuuze kwa kilo."

Trekta la aina ile halina fremu. Injini ndiyo mgongo wake, na ukitaka kuifikia krenki kwa chini lazima ulitenganishe trekta kama mtu anayekata mkungu. Dereva aliliegemeza juu ya magogo ya mkaratusi, akavuta magurudumu ya mbele na ekseli yake pembeni, akamwaga oili kwenye ndoo, akatoa bakuli la chini linaloshika oili, akalala chali chini ya ule uzito. Alihitaji mtu wa kuzungusha krenki kwa mbele, kwa nondo, wakati yeye akilegeza chini. Hakuna aliyejitokeza. Nikasema nitakuja mimi. Nilikuwa nimepeleka ndizi za kuchoma, nikajikuta nimeshika nondo.

"Geuza, Mama Koku."

"Haigeuki."

Akalegeza kifuniko cha kwanza. "Geuza."

"Haigeuki."

Akakikaza, akalegeza cha pili. Nondo ikasogea kidogo, ikakwama. Akakikaza, akalegeza cha tatu. Vilevile, kidogo, ikakwama. Mimi nilikuwa natokwa na jasho ambalo halikuwa la kazi. Kisha akalegeza cha pili na cha tatu pamoja.

"Geuza."

Nondo ilikwenda na mimi. Nusura nianguke juu ya ndoo ya oili.

Baadaye akaniita niiname nitazame. Alipitisha ukucha wa kidole gumba pale kifuniko kinapokutana na mwili wa injini. Ukucha ukanasa. Kulikuwa na kingo nyembamba, chuma kimoja kimepanda kidogo kuliko kingine, ambayo macho yangu hayakuiona. "Kila kifuniko kilichongwa pamoja na kiti chake, siku moja," alisema. "Ukikihamishia kwa mwenzake kinaingia, kinakaza, kila kitu kinaonekana sawa. Ila krenki inajua." Akabadilishana vile viwili, cha pili na cha tatu. Akapitisha ukucha upya. Ukateleza moja kwa moja. Bitana zilikuwa zimesuguliwa upande mmoja lakini hazikuchanika, kwa sababu hakukubali livutwe. Akafunga kifuniko kimoja kimoja, na kila akikaza kimoja, mimi nikageuza. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Siku tatu tulifanya kazi hivyo, tukizungumza habari za nondo na ndizi tu.

Alhamisi lori lilikuja kabla ya saa nne. Watu wa chuma walishuka wakaanza kulipima trekta kwa macho. Dereva alikuwa anamimina oili ya mwisho, hana haraka yoyote. Mwenyekiti akamwambia ajitahidi, wageni wana safari. Dereva akapanda, akakalia gunia lake, akazungusha ufunguo. Likakohoa, likatoa moshi mweupe, likakohoa tena, kisha likaanza kunguruma, na sisi wanawake wa mbugani tukapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Nililia. Sioni haya kusema. Hakushuka kupokea pongezi. Alilipitisha mbele ya lori, karibu kabisa, mwenye lori akarudi nyuma hatua mbili, Dereva akaelekea mbugani. Alipofika usawa wangu alipaza sauti, "Katibu! Andika limewaka!"

Nikaandika. Ule mstari wa juu yake sikuukata.

Tulilima vuli ile yote, na nyingine nyingi baada yake. Hadithi ikazoeleka kijijini: Dereva alikosea mwenyewe, akarekebisha mwenyewe. Aliisimulia hivyo kilabuni na kanisani, kwa majivuno, kosa na marekebisho yote yakiwa yake. Kila nilipoisikia nilitazama kando.

Mwaka huu miguu imemkataa. Trekta analiendesha mtu mwingine, naye hukaa mlangoni kwake akisikiliza linavyopita barabarani na kutukana jinsi gia zinavyoingizwa. Binti yake aliyeolewa Rugera amekuja mara mbili kumchukua, akarudi peke yake mara mbili. Nilimpelekea maharage mapya ya mbugani, kama ilivyo ada, nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa kwenye mkeka. Na nikasema, kwa sababu nami sasa ni mtu mzima na usiku silali vizuri.

"Dereva, vile vifuniko nilivibadilisha mimi. Siku ya msiba. Niliviosha, nikavirudisha vibaya."

"Najua," alisema. Hakugeuka hata kunitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa chini ya injini na wewe umeshika nondo. Siku tatu hukuuliza swali. Wewe, mwanamke anayeuliza mpaka bei ya kengele ya kanisa."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akakasirika kweli, mishipa ikamsimama shingoni kama zamani. "Niseme nini? Lile kosa ni langu, toa mkono wako! Injini niliifungua mimi. Alama sikupiga kwa sababu ya jeuri yangu. Kupitisha ukucha ni kazi ya muda gani? Sikupitisha. Nyinyi mlikuja kumlilia mke wangu. Mlibeba nyasi vichwani kuja kumlilia. Sasa uzeeni unataka niwaambie watu kwamba waliokuja kumlilia mke wangu ndio walioniharibia kazi? Sitasema, na wewe hutasema."

Nimesema. Ameshanikataza na nimesema, ajue na mimi nina jeuri yangu.

Siku ile nilidhani yamekwisha, nikaanza kukusanya kanga yangu niondoke. Nikasema, basi kama kosa si langu, sijui nimekuja kuomba msamaha wa nini.

"La kwako lipo," alisema. "Ni lile uliloandika mkutanoni umeinamisha kichwa. Hilo sikulichukua, Mama Koku. Hilo nilikuachia, na umekawia kulifuata."